Shira Haingoji

Kila saa kumi alfajiri, Tandika ikikoroma,
mimi nakanda unga kwenye beseni la bluu,
pacha wa lile la kuogea;
nimelifunga uzi mwekundu yasipishane.

Wiki hii ni visheti vya Bi Msimu, kilo nne,
anamwoza bintiye Ijumaa,
na kashata mia mbili, za nazi, zisiwe za karanga.
Ameandika kwenye simu mara tatu:
zisiwe za karanga.

Nyumba yangu ina vyumba viwili na harufu moja.
Hiliki imeingia kwenye mashuka, kwenye madaftari.
Mwalimu alimwambia Mwanahawa mbele ya darasa,
"Wewe mtoto unanukia Idi kila siku."
Alirudi amenuna hadi magharibi.
Nilicheka kwanza. Kisha nikafua sare upya,
nikazianika kwa jirani anayekaanga dagaa.
Kesho yake hakunisemesha kabisa.

Wanasema kazi ya nyumbani raha, huna bosi.
Bosi wangu ana miaka minne,
anakalia gunia la ngano kama jumbe,
anadai ushuru kila ninapopita.
Daftari la mahesabu alilichukua akachora kuku,
na kuku amelalia deni la Mama Hidaya.
Nilipomwonyesha Mama Hidaya ukurasa,
akasema yeye haoni tarakimu,
anaona kuku.

Mtungi wa gesi ni mkopo wa kikoba.
Jumapili wataniita jina langu kamili.

Jana usiku shira ilikuwa motoni.
Asiyeijua hudhani ni sukari na maji tu.
Shira ina dakika yake.
Unaidondosha kwenye kisosi, unaigusa, unavuta:
uzi mmoja, subiri;
nyuzi mbili, epua, mimina, koroga
mpaka sukari ishike na kuwa nyeupe.
Ukikawia, jiwe.
Ukiwahi, visheti vinatoka jasho mfukoni.

Uzi wa kwanza. Nikasikia, "Mama."
Sauti ya chini ya shuka, si ile ya kuomba maji.
Nikavuta tena. Uzi mmoja na nusu.
"Mama."
Nilisimama na mwiko, na Mungu anisamehe, nilihesabu.
Nikahesabu kilo. Nikahesabu pesa ya Bi Msimu.
Nikahesabu hatua kutoka jikoni mpaka kitandani:
tisa.

Nilikwenda.
Lakini nilikuwa nimeshahesabu.

Ridhiki mwili umemchemka, macho yamelegea.
Nikamvua, nikamfuta kwa kitambaa cha maji,
nikampa dawa kwa kijiko cha vanila,
kingine sikukiona gizani.
Baba yake, fundi wa friji, mtu wa kupoza vitu,
akaingia jikoni na kikoi chake.
"Nakorogaje?"
"Kama unaswaga vifaranga!" nikamjibu kutoka chumbani.
Akakoroga kama anakaza nati.

Asubuhi visheti vimeshikana mabonge,
saba saba, kumi kumi,
kama ndugu kwenye picha ya harusi.
Nikavibandua kwa ncha ya kisu. Nusu vikakubali.
Nikampigia Bi Msimu, nikamweleza yote
isipokuwa kule kuhesabu.
Akanyamaza kidogo.
"Lete vilivyo vizima. Hivyo vingine tutajua."
Hajasema atalipa ngapi.

Sasa homa imeshuka, jumbe amerudi guniani,
ameshika bonge la visheti kubwa kuliko ngumi zake mbili.
Analigeuza, analilamba pembeni,
hajui aanzie wapi.

Mimi nachekecha unga mwingine.
Jiko nimelisogeza karibu na mlango.
Zimebaki hatua saba.